Kuficha magongo ya mfanyakazi mwenzako, huo nao ni utani?

Mkazi wa Nkuhungu
Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni mtunza stoo katika kampuni moja binafsi hapa Dodoma, na tangu nilipougua polio utotoni ninatembea kwa magongo. Kwa miezi kadhaa sasa msimamizi wangu ananiita "miguu minne" mbele ya wapakiaji, na mara mbili magongo yangu yamefichwa nyuma ya magunia ya alizeti wakati wa chakula cha mchana, nikalazimika kujikongoja kwa kushika ukuta hadi mlangoni huku wenzangu wakicheka. Nilipomweleza mwajiri, alinijibu kwamba huo ni utani tu. Nimefikia hatua ya kutaka kuandika barua ya kuacha kazi. Je, nikiacha, nitakuwa nimepoteza haki ya kudai?

Mjumbe wa zamani wa tawi
Pole sana, mdogo wangu. Barua hiyo usiiandike kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa sababu ya ulemavu na inahesabu unyanyasaji wa namna hiyo kuwa ubaguzi. Tena, ukishaonyesha ushahidi wa awali, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukuwapo. Ukiacha kazi kwa kuwa mwajiri amefanya isivumilike, sheria inaweza kukuhesabu kuwa umeachishwa, lakini hapo mzigo wa kuthibitisha unakuangukia wewe, nao si mwepesi.

Andika malalamiko nakala mbili, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa, kwa maana malalamiko ya mdomo umeshaona yanavyojibiwa. Wasipochukua hatua, jaza fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo cha serikali kinachoshughulikia migogoro ya kazi. Angalia siku: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Nimeona watu wenye haki zao wakikwama hapo tu.

Mama wa Kizota
Nakubaliana na kaka, ila mashahidi wako ni vibarua wa kutwa, na kibarua anayeogopa kukosa kazi ya kesho hatakuja kusema lolote. Andika tarehe, saa na maneno yenyewe siku hiyo hiyo, na uwaone watu wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wakushauri kabla hujaingia ofisi yoyote. Kuhusu utani, mimi ni Mgogo na nimetaniwa hadi msibani, lakini mtani wangu nami humrudishia, tena mbele ya watu. Wewe msimamizi wako utamrudishia nini, naye ndiye anayeandika mahudhurio yako?

Mkazi wa Nkuhungu
Ahsanteni sana. Mara ya pili ilikuwa Jumanne iliyopita, na mpakiaji mmoja, kijana asiyesema sana, ndiye aliyenirudishia magongo. Kesho asubuhi, kabla lori halijafika, nitamuuliza kama ataniruhusu niliandike jina lake.