Tupeane uzoefu: mliwezaje kurudisha wimbi, muhogo na mboga za kienyeji mezani?

Binti wa Njoro: Juzi katika soko moja hapa Nakuru nilimsikia mama akimkataza binti yake kununua wimbi kwa madai kwamba hicho ni chakula cha wagonjwa wa kisukari, nami nikakumbuka vita nilivyopigana jikoni kwangu tulipoanza kupunguza unga wa mahindi uliokobolewa. Watoto waliisukuma sahani kwa sababu ya rangi tu, kabla hata ya kuonja. Nilianza kwa kutia wimbi kidogo ndani ya unga wa mahindi, nikaongeza polepole hadi wakazoea. Naomba wenzangu, hasa mliolelewa magharibi mwa Kenya, mtueleze yaliyowafaa na yaliyowashinda.

Nyar Kano: Dada, vita hivyo ni vyetu sote. Kwangu mgogoro ulikuwa juu ya mtama mwekundu.

Mwalimu wa Butere: Inasikitisha kwamba wimbi, lililolimwa katika nyanda za juu za Afrika Mashariki tangu enzi, linaonekana geni, ilhali mahindi, yaliyotoka Amerika, ndiyo yanayoitwa chakula chetu. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka wa 2023 kuwa mwaka wa nafaka za jamii ya wimbi na mtama, na wimbi lina kalsiamu nyingi kuliko mahindi, mchele na ngano. Shida ya wengi ni kwamba ugali wake haushikamani. Changanya na unga wa muhogo, kisha songa upesi bila kuuacha mwiko.

Shangazi wa Nambale: Mwalimu ametaja muhogo, nami siwezi kunyamaza. Mdogo wangu anayeishi Kisumu aliamua kwamba watoto wake hawatakula tena mkate mweupe asubuhi, jambo ambalo nililiunga mkono. Akanunua muhogo mbichi kwa mchuuzi aliyepita mtaani, ambaye hakuna aliyejua ameung'oa wapi, akaumenya na kuuchemsha haraka katika sufuria iliyofunikwa ili watoto wasichelewe shuleni. Mtoto wake wa pili alilalamika kwamba ni mchungu. Aliambiwa amalize, kwa kuwa chakula cha afya si lazima kiwe kitamu. Nilikuwa nimefika kuwatembelea asubuhi hiyo hiyo, na kabla ya adhuhuri shule ilipiga simu. Tulimkuta akitapika, akipumua kwa kasi, macho yakizunguka, na alipojaribu kusimama miguu haikumbeba. Tulimpakata juu ya bodaboda hadi hospitalini, na swali la kwanza la daktari lilikuwa kuhusu alichokula. Aliwekewa oksijeni, nasi tukakesha kando ya kitanda tukihesabu pumzi zake hadi alipofumbua macho na kuomba maji. Alipona, ashukuriwe Mungu. Muhogo mchungu una sianidi, na ndiyo maana kwetu Busia hatuuli ukitoka shambani: tunaumenya, tunauvundika kwa siku kadhaa hadi ulainike, tunauanika juani ukauke kabisa, ndipo tunausaga pamoja na mtama au wimbi. Watu wa mjini wamechukua chakula chetu bila kuuliza kinavyotayarishwa.

Baba Pacha, Kakamega: Pole sana, shangazi. Basi kuanzia leo muhogo haukanyagi kwangu.

Nyar Kano: Tusiwatishe watu. Muhogo mtamu uliochemshwa vizuri tumekula tangu utotoni, ukiwa na chai.

Shangazi wa Nambale: Sijasema uachwe, mwanangu. Nimesema ununue kwa mtu unayemjua, uumenye maganda yote, uuchemshe bila mfuniko hadi uive kabisa na umwage maji yake. Ukionja uchungu, tupa, na mtoto akisema ni mchungu, msikilize.

Muuguzi Mstaafu, Nakuru: Naunga mkono kila neno. Ila niongeze jambo kuhusu mboga: acheni magadi. Yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na sodiamu yake inawaumiza wenye shinikizo la damu.

Baba Pacha, Kakamega: Mama, kwa heshima zote, hapo hapana. Kunde na mrenda bila munyu wetu haviliki, na munyu huo tunauchuja kutoka kwa majivu ya maganda ya maharagwe. Huo si magadi ya dukani.

Muuguzi Mstaafu, Nakuru: Ni kweli kwamba havifanani, mwanangu, kwa kuwa majivu yana potasiamu zaidi. Lakini vitamini zinaharibika vilevile, na potasiamu hiyo ni hatari kwa mwenye maradhi ya figo. Tia kidogo sana, au usitie.

Mwalimu wa Butere: Kwa mboga chungu kama mnavu na saga (mgagani), tumieni maziwa. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, tia maziwa, ulaze hadi kesho, kisha uchemshe tena. Uchungu unakwisha.

Nyar Kano: Mwalimu, ukimwaga maji ya kwanza umemwaga chakula. Mimi sikubali.

Binti wa Njoro: Na maharagwe je? Gesi yangu ya kupikia inakwishia hapo.

Mwalimu wa Butere: Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha kwa nguvu kwa nusu saa, kisha uihamishie sufuria ikiwa bado inachemka katika jiko la kikapu, lile lililojazwa matambara, na uifunike vizuri. Hatua ya kuchemsha usiiruke, maana maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu yake. Kabla ya kupakua, yachemshe tena.

Nyar Kano: Dada wa Njoro, usisahau omena, wale dagaa wa ziwani. Nunua zilizokauka vizuri kabla uvuvi wake haujafungwa mwezi wa Aprili, maana bei hupanda. Zichambue mchanga, zioshe kwa maji moto, zikaange kavu kwanza, ndipo utie nyanya na ndimu. Watoto wakikataa vichwa vyake, zisage uwatilie katika uji wa wimbi.

Baba Pacha, Kakamega: Omena ndani ya uji? Kwangu hata mimi ningekataa. Wape pamoja na ugali, na vichwa uvitoe.