Naomba ushauri: nguzo za kibanda juu ya jamvi la zege
Wakuu habari zenu, niko Kigamboni karibu na bahari, nataka nimjengee mama kibanda cha bati uani, mita 3 kwa 4, juu ya jamvi lililopo, unene wake inchi 4 tu. Fundi wa kwanza anasema tutindue tumwage misingi ya nguzo upya, wa pili anataka achomelee pleti chini ya kila nguzo apige bolti nne za kutanuka (zile zinazojikaza ndani ya tundu la zege). Hofu yangu ni upepo wa kusi maana unainua bati kama tanga, halafu na hii chumvi, geti langu ukiligusa chini linamong'onyoka kwa kutu. Kona moja bolti inakaa sentimita 5 toka ukingoni, si zege litapasuka? Aliyewahi kufanya anisaidie jamani, mama anashinda juani.