Toyota IST inamisi (silinda inakosa moto), fundi kanitajia laki 4. Tabora nimpelekee nani?

mkazi_wa_ipuli:
Habari za mchana wakuu. Nina IST, asubuhi nikiwasha inatetemeka, taa ya injini imewaka na nikipakia watu inakuwa nzito balaa. Nimempelekea fundi mmoja kasikiliza tu kwa masikio, mashine ya kupima hajachomeka, akasema mkanda wa taimingi umekwisha na koili zote nne (zile zinazopeleka moto kwenye plagi) zibadilishwe, laki 4, spea anaagiza mwenyewe Dar na anataka nusu leo leo. Hii bei ni halali au napigwa?

mzee_wa_kitete:
Unapigwa mchana kweupe.

cheyo_B:
Mkuu usitoe hata mia. IST iwe ya injini ya 1NZ au 2NZ haina mkanda wa taimingi, ina cheni! Ule mkanda unaouona pembeni ni wa altaneta (inayochaji betri) na pampu ya maji. Aidha hajui gari au kaona wewe hujui. Tafuta mwenye mashine asome kodi, yaani namba za hitilafu, ikija P0301 ni silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, mpaka P0304. Tuseme imetaja ya tatu, mwambie achomoe koili ya tatu aiweke ya kwanza na ya kwanza aipeleke kule, afute kodi, muwashe mpime tena. Kodi ikihama na koili basi hiyo ndo imekufa, unanunua moja tu. Isipohama mgeukie plagi, halafu nozeli za kupulizia mafuta.

dada_isevya:
Na mpatane hela ya ufundi kabla hajafungua boneti, akishamwaga nati chini hapo huna sauti tena. Spea lipia mwenyewe dukani, ya zamani idai uondoke nayo. Fundi waulize madereva wa Noah pale stendi, wale gari ikilala gereji hesabu ya bosi iko palepale kwa hiyo fundi tapeli hawamvumilii.

spana_14:
Mimi ni fundi, msitutukane wote jamani. Mteja anakuletea koili ya bei chee kanunua mwenyewe, ikifa wiki ijayo lawama kwangu. Na kupima ni kazi, mtu anapimiwa bure halafu anaenda kufungia kwingine 😂

dada_isevya:
Hapo kwenye kupima nakuunga mkono, watu walipe.

mkazi_wa_ipuli:
Wakuu nimepima kwa mwingine, ikasoma P0303, tumehamisha koili ikasoma P0301. Kwa hiyo ni koili moja! Sasa ninunue mpya za hapa dukani au mtumba?

cheyo_B:
Mtumba iliyotoka kwenye gari, tafuta yenye maandishi ya Denso, ile kampuni inayotengeneza spea. Ila ifungwe na uwashe gari kwanza ndo ulipe.

spana_14:
Na plagi zitazame hapohapo, ncha ikiwa imelika badilisha zote nne, hapo usibane.