Ukoo wa Babu Andongwisye: ofisi ya Atupele

Atupele: Shikamooni wakubwa. Wadogo, mambo. Naomba ushauri. Ile fleti yetu ya Uhindini, hapa Mbeya, tunataka kuipangua kidogo nipate ofisi. Hesabu za wateja nafanyia meza ya chakula, na jana kikao cha video kinaendelea mtoto kapita nyuma yangu na sufuria kichwani.

Gwamaka: Amevaa sufuria tu, hakuna kingine

Atupele: 🙈 Mchoro huu hapa. Vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo, choo na bafu mbalimbali, korido refu katikati. Fundi aliyekuja anasema tuvunje ukuta wa jiko na sebule pawe wazi kama nyumba za siku hizi, halafu tujenge ukuta wa tofali tuikate sebule, upande mmoja uwe ofisi.

Lusajo: Dada mbona mnajitesa? Chumba cha wageni kinakaa bure. Weka meza, kazi imeisha

Shangazi Tumpe: Lusajo

Shangazi Tumpe: Nikija Mbeya kliniki nalala wapi? Kwenye ngazi?

Lusajo: 😂😂 Shikamoo Shangazi

Shangazi Tumpe: Marahaba. Jibu swali

Mama Kyela: Chumba cha wageni hakiguswi. Watu wakitoka Kyela na Tukuyu usiku wanafikia hapo. Msiba, harusi, mgonjwa wa Hospitali ya Rufaa, wote hapo. Tuendelee na mengine.

Neema: Haya, kimefungwa hicho

Baba Mdogo Ambokile: Kamweneni kutoka Iringa. Atupele, huyo fundi kabla ya kutaja nyundo alishuka chini kwa jirani?

Atupele: Marahaba Baba Mdogo, yaani shikamoo 😄 Hapana, alipima na futi akaandika bei

Baba Mdogo Ambokile: Basi asiguse kitu. Sikilizeni. Ghorofa la zamani huwezi kujua kwa macho ukuta upi umebeba jengo na upi umesimama tu. Kugonga kwa ngumi ni michezo. Kwanza unaangalia kama ukuta huo huo umekaa mahali hapo hapo ghorofa ya chini na ya juu. Pili unapima unene mlangoni: ukikuta inchi 9 na plasta, huo ushuku kwamba umebeba slabu, yaani sakafu ya zege ya juu. Mwembamba wa inchi 4 au 5 mara nyingi ni wa kugawa vyumba, ila nao kuna siku unamkuta kafanywa mbebaji. Tatu unatafuta bimu, ule mhimili wa zege, juu yake. Baada ya hapo mhandisi anasema ndiyo au hapana, kwa maandishi. Ukivunja mbebaji, nyufa zinaanzia kwa jirani wa juu na wewe huzioni.

Baba Mdogo Ambokile: Na hilo la kujenga tofali juu ya slabu ndilo limenikasirisha zaidi. Tofali za inchi 6 zinaingia kama 10 kwa mita moja ya mraba, kila moja inakaribia kilo 30. Ukuta wa mita 3 kwa kimo cha mita 2.7 ni zaidi ya tani 2, hujapiga plasta. Unautua katikati ya sakafu ambayo haikuwekewa kitu pale. Ukuta huo huo kwa jipsamu, zile bodi nyepesi za jasi, na fremu za chuma ni kama kilo 200.

Gwamaka: Baba shikamoo. Tani mbili?? Huyo fundi simpigii tena

Baba Mdogo Ambokile: Marahaba mkwe. Mpigie, ila kwa kazi ya rangi.

Mama Kyela: Nani amepokea mchele wangu stendi ya Nane Nane? Basi limefika tangu saa nne

Neema: Mimi bibi, nipo nao kwenye bajaji

Lusajo: Jipsamu si inasikika kila kitu? Huku Dar nimepanga chumba cha jipsamu, jirani akipiga chafya namwambia pole

Gwamaka: Inasikika ikiwa tupu ndani. Wanajaza ile pamba ya kuzuia sauti katikati, na bodi mbili za jipsamu kila upande ukitaka zaidi. Sauti nyingi inapita chini ya mlango.

Atupele: Sasa niseme ninachofikiria mimi. Mwisho wa korido pana kipande kinachokaa bure, mita 1.2 kwa 1.5, na dirisha lake. Pembeni yake stoo, haina dirisha. Ukuta kati yao ni wa inchi 4, nimeupima sasa hivi. Mhandisi akikubali tuutoe, tufunge korido kwa jipsamu na mlango wa kusogeza. Nikijumlisha napata kama mita 2.8 kwa 1.5. Meza ya sentimita 120 kwa 60 inaingia, kiti kinarudi nyuma, na sebule haijaguswa.

Baba Mdogo Ambokile: Huyu ndiye mtoto wa kaka yangu. Dirisha linatazama wapi?

Atupele: Mlima Loleza

Baba Mdogo Ambokile: Kaskazini, vizuri sana. Jua la Juni na Julai kwetu linapita upande huo, utapata joto miezi ile mibaya. Meza iweke ubavu kwa dirisha, usilitazame wala usilipe mgongo, kioo cha kompyuta kitakusumbua.

Mama Kyela: Na sufuria zangu za shughuli zilizo stoo?

Atupele: Mama nimeshaziwazia, kabati la juu mpaka dari, jikoni

Mama Kyela: Ile kubwa haiingii kabatini

Shangazi Tumpe: Iwekeni chini ya kitanda cha wageni, nitalala nayo. Mwanangu, Julai ukiona baridi weka jiko la mkaa humo ofisini, chumba kidogo kinapata moto haraka

Gwamaka: Shangazi nakuomba, hapana. Chumba kidogo kilichofungwa na mkaa unaowaka ni kifo. Ile kaboni monoksaidi haina harufu, mtu anasinzia mezani na haamki. Atavaa sweta.

Shangazi Tumpe: Haya. Nitamfumia

Lusajo: Umeme je? Nyumba za zamani soketi moja chumba kizima

Gwamaka: Na nyaya nyingi hazina ethi, ule waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini. Tunavuta laini mpya ya waya wa mm² 2.5 kutoka kwenye boksi la breka za umeme, soketi pacha mbili, fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Ruta inahamia humo humo.

Baba Mdogo Ambokile: Jambo la mwisho. Kuta za nje, ngazi na paa ni mali ya pamoja, sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya 2008 ipo. Kwa hiyo wenzenu wa jengo waambieni kabla, na halmashauri mkaulize kibali. Dirisha msilipanue hata kidogo. Mhandisi nitakuja naye mimi Jumamosi, nauli na chakula juu yenu.

Atupele: Ndaga fijo Baba Mdogo 🙏 Mtalala huku?

Shangazi Tumpe: Jumamosi mimi nipo kliniki tangu Ijumaa

Lusajo: 😂😂😂

Gwamaka: Baba na mhandisi wataanguka sebuleni. Godoro lipo.