Mrejesho: kukaa na familia mwenyeji Masaka, Uganda

Wakuu, niliuliza nimpelekee nini mama mwenyeji wa Masaka, na pesa ya chakula hutolewaje. Ahsanteni sana, ushauri wenu umefaa.

Sukari kilo 2, mche wa sabuni na mkate hupokelewa kwa furaha kuliko bahasha siku ya kwanza. Pesa mkabidhi mama mwenyewe, faraghani, kamwe si mbele ya watoto. Viatu vua mlangoni. Matoke hupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya mgomba. Yakipoa hukakamaa, hivyo ukiitwa mezani nenda mara moja. Maji ya kunywa yachemke kabisa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Adapta haihitajiki, soketi ni kama zetu Tanzania. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ishike mkononi, unaweza kuulizwa mpakani Mutukula.