Shujaa wangu ni mdogo kama sisimizi, jitu linavunja Posta. Naombeni ushauri, nimekwama

Rangi Mbili: Habari zenu wakuu. Nachora kuta na mabango huku Tandika, Dar. Nimepata ukuta wa chekechea, mwenye shule anataka "kitu cha kishujaa". Jitu tayari: limekanyaga basi la mwendokasi, na Sanamu ya Askari limeing'oa, limeishika kama kijiti cha meno. Shujaa kanywa dawa kapungua, yuko kama sisimizi. Sasa amshindeje? Siku ya tatu leo nakaa mbele ya ukuta nakunywa kahawa tu. Jumatatu shule inafunguliwa.

Mama Wawili: Watoto wa miaka minne unawachorea jitu? Wa kwangu aliona kinyago harusini, wiki nzima tukalala taa inawaka. Chora embe.

Ticha Fizikia: Jitu lenyewe halisimami. Galileo alishalieleza 1638. Urefu ukizidi mara 10, uzito unazidi mara 1,000, ila mfupa ukiukata, uso wake umeongezeka mara 100 tu. Mtu wa kilo 80 anakuwa tani 80. Hatua ya kwanza, mapaja kwisha. Shujaa akae kivulini asubiri.

Kijiwe Nongwa: Ticha, hao watoto hata namba saba hawajaifikia.

Mpenda Katuni: Wamarekani walipita hapo. Ant-Man wao, shujaa wa katuni mdogo kama sisimizi, alianza 1962, na 1963 mtu yule yule wakamfanya jitu. Nadhani nao walichoka kuchora kidudu.

Babu Pangani: Sisi tulikuwa na nunda mla watu. Paka tu wa kwenye hadithi, kaanza na mifugo akamalizia na watu wa mji. Aliyemuua ni kijana mdogo kuliko ndugu zake wote. Bibi akisimulia, akifika pale mlimani, tunavuta shuka.

Wa Nanyuki: Huku Laikipia kuna miti ya miiba, sisimizi wanaishi ndani ya vinundu vyake. Tembo akipeleka mkonga, wanaingia puani wanauma. Mingine anaivunja, hiyo anaipita. Mwingize shujaa puani.

Rangi Mbili: Asante sana kaka! Ila pua ndiyo yenye shida.

Kijiwe Nongwa: Shida gani? Kuna kitu unaficha.

Rangi Mbili: Hapana, pua tu.

Kijiwe Nongwa: Pua ya nani?

Rangi Mbili: Basi niseme. Ni ya mwenye fremu niliyopanga. Alinifungia kufuli kwa kodi ya miezi miwili, brashi zangu zote ndani. Sikupanga kumchora, mkono ulikwenda wenyewe. Na mjukuu wake anasoma hapo.

Mama Wawili: Mkono ulikwenda wenyewe mpaka kwenye masharubu?

Rangi Mbili: Na chunjua. Lakini watu wangapi mjini wana chunjua puani? Halafu kufuta ni kupoteza rangi, na malipo ya awali nimeshayala.

Dada Ilala: Lipa kodi ya watu, mdogo wangu. Nina vyumba vinne, najua mnavyotukimbia tarehe moja.

Mpenda Katuni: Vyumba vinne choo kimoja, au siyo?

Dada Ilala: Umejuaje?

Mzee Kumbukumbu: Ngojeni. Huyu si ndiye aliyekuja humu kuomba ushauri wa kufuga kware? Leo mchoraji. Hii chai.

Kijiwe Nongwa: Chai ya maziwa kabisa. Leteni andazi. Picha iko wapi?

Rangi Mbili: Kamera ya simu ina ukungu. Na kware walikufa, ndiyo maana nikarudi kwenye brashi.

Mzee Kumbukumbu: Ngozi ya jitu umechanganya nini?

Rangi Mbili: Kahawia, njano kidogo, tone la bluu kwenye kivuli chini ya kidevu. Nyekundu nimeibana, ukuta unapigwa na jua la jioni, lingeonekana limebabuka.

Mzee Kumbukumbu: Mimi nilichora mabango miaka kumi na mbili. Endelea.

Ticha Fizikia: Mapaja je?

Rangi Mbili: Mapaja yameshakauka, Ticha. Mrejesho: masharubu nimefuta. Chunjua sijalifuta. Nimelitia mikono, miguu na kofia nyekundu. Ndiye shujaa, anapanda kuingia puani.