DLA (posho ya ulemavu ya watoto, Uingereza) ya mtoto wa sikoseli: tumepewa kiwango cha chini, naomba msaada wa MR (kuomba uamuzi uangaliwe upya)

Kutoka: Mama Wawili, Northampton

Ndugu zangu, habari zenu. Naomba mnisomee hadi mwisho.

Kijana wangu wa miaka minne ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, aina ya SS, yaani karithi kwa wazazi wote wawili. Tulijaza fomu ya maombi, DLA1A, yote, tukaambatanisha barua ya mtaalamu wa damu. Jibu limerudi: sehemu ya uangalizi tumepata kiwango cha chini, sehemu ya mwendo hatukupata kitu. Sababu zenyewe ni mistari michache tu. Eti mahitaji yake mchana hayazidi sana ya mtoto mwingine wa umri wake. Usiku hawakuugusa kabisa.

Usiku ndio wenye kazi! Namwamsha anywe maji, nampima joto, nambonyeza chini ya mbavu za kushoto kuona kama bandama limevimba, kama nesi alivyonifundisha. Akilia mguu namkanda na mafuta ya uvuguvugu, namfunika, namshika mpaka usingizi umchukue tena. Asubuhi naingia kazini.

Nina maswali matatu. Niombe MR sasa hivi, au nisubiri barua mpya ya daktari ambayo nimeahidiwa mwezi ujao? Barua ya uamuzi imeshafikisha wiki tatu. La pili, nikiomba wanaweza kuninyang'anya na hiki kidogo walichotoa? La tatu, nikiamka kumwangalia na yeye amelala, hiyo nayo inahesabiwa?

Kutoka: Kaka wa Slough

Pole sana dada. Usihangaike na barua, kata rufaa moja kwa moja. Wa kwetu walimnyima kabisa, tukaenda mbele ya jaji, tukapewa kiwango cha kati na malimbikizo yote. Hawa wanategemea watu wachoke. Usichoke.

Kutoka: Dada Leeds

Kaka, usimpotoshe mwenzako. Huwezi kuruka MR ukaenda kwa jaji. Utaratibu huo upo tangu 2013: kwanza MR, upewe notisi ya MR, ndipo ujaze fomu ya rufaa, SSCS1, au ukate rufaa mtandaoni ndani ya mwezi mmoja. Hata wewe ulipitia MR, labda mama watoto ndiye aliyeishughulikia.

Mama Wawili, sikiliza. Mwezi mmoja unahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya uamuzi, si siku posta ilipokuletea. Wiki tatu zimekwisha, kwa hiyo daktari hasubiriwi. Omba leo kwa simu, kisha ufuatishe maandishi, barua ya kawaida au fomu ya CRMR1, useme wazi kwamba ushahidi zaidi unakuja na utaje ni wa nani. Andika tarehe uliyopiga na jina la aliyepokea. Ukituma kwa posta, chukua risiti ya kutuma. Ukichelewa bado mlango upo mpaka miezi 13, lakini hapo unaomba huruma na lazima utoe sababu nzuri ya kuchelewa. Usijiweke huko.

Kutoka: Mama Glasgow

Sisi huku tulipewa siku 42 za kuomba, na wao wakawa na siku 56 za kujibu. Ilikwenda vizuri, watu wa huku ni waungwana kwenye simu. Tena ukipunguziwa wakati wa mapitio kuna msaada wa muda unaoziba pengo wakati unapinga. Dada omba tu, usiogope.

Kutoka: Dada Leeds

Mama Glasgow, hiyo ni CDP, posho ya ulemavu ya watoto ya Scotland, sheria yake ni nyingine. Northampton ni DLA. Huku hakuna siku 56, hakuna muda wowote waliowekewa kujibu MR, na hakuna huo msaada wa muda. Tafadhali tuwe tunataja tuko wapi kabla ya kushauri, mtu asije akapoteza tarehe kwa ajili yetu.

Kutoka: Mama Glasgow

Nimeandika "sisi huku". Jina langu linasema Glasgow. Sawa.

Kutoka: Baba Reading

Samahanini, kabla hatujafika mbali. Dada, viza yako ni ipi? Kama una NRPF, yaani viza isiyoruhusu fedha za umma, hiyo DLA ni fedha za umma na unaweza kuharibu ILR yako yote, kile kibali cha kukaa moja kwa moja. Kuna mtu namfahamu alikataliwa. Bora kukosa hizo pauni chache kuliko kukosa makaratasi.

Kutoka: Dada Leeds

Baba Reading, hofu hii imewafanya wazazi wengi wakae na haki ya mtoto ndani ya droo. DLA ni ya mtoto. Mzazi anaipokea kwa niaba yake. Kinachoangaliwa ni hali ya uhamiaji ya mtoto, na mtoto raia wa Uingereza hazuiliwi kwa sababu ya viza ya mama yake. Mwenye NRPF aongee kwanza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, hilo sikatai, kwa sababu nyongeza zinazofuata DLA, kama za UC (Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo), ni jambo jingine. Lakini usimwambie mtu aache.

Kutoka: Mama Mkubwa, Leicester

Mwanangu Mama Wawili, pole na hongera kwa kumlea. Wa kwangu naye ni SS, sasa mkubwa. Nakuandikia kwa urefu kidogo.

Sisi tumelelewa hivi: ukiulizwa mtoto anaendeleaje, unajibu hajambo, tunamshukuru Mungu. Ndiyo adabu yetu. Mgonjwa akiwa kitandani bado tunasema leo afadhali. Fomu ile haina adabu hiyo. Ukiandika "anaendelea vizuri na dawa", anayesoma ofisini atachukua maneno hayo kama yalivyo, na atakuwa na haki ya kuyachukua. Nimewasomea fomu akina mama wengi hapa Leicester, na karibu kila moja ina sentensi ya namna hiyo, tena mama kaiandika kwa imani.

Jambo la pili, mtoto wa miaka minne analinganishwa na mwenzake wa miaka minne asiye na ulemavu. Kila mtoto wa umri huo anaogeshwa na kuvishwa, kwa hiyo ukiandika "namwogesha" hujasema kitu. Sema unachofanya wewe ambacho jirani yako hafanyi. Unapasha chumba kabla ya kumvua. Unamkausha mara moja kwa sababu baridi inamletea maumivu. Unamhimiza maji mchana kutwa, naye hataki, mnashindana kwa kikombe. Figo za watoto wetu hazishiki maji vizuri, hivyo anakojoa sana, na kila safari ya choo ni kuvua nguo na kuvaa tena. Penisilini asubuhi na jioni. Kama yuko kwenye haidroksiyurea, andika, pamoja na vipimo vya damu vinavyofuatana nayo. Andika kwamba joto likifika 38 huruhusiwi kumpa dawa ukalala, unakwenda hospitali. Andika kipimo cha mishipa ya kichwa cha kila mwaka na kinatafuta nini, maana mtu asiyejua sikoseli hajui kwamba mtoto mdogo anaweza kupata kiharusi.

Na kila kitu kiwe na mara ngapi na dakika ngapi. "Namsaidia sana" haina uzito. "Nilimkanda mguu wa kulia kutoka saa saba na robo hadi saa nane usiku" ina uzito. Weka shajara. Usiandike siku za kraisisi, yaani za maumivu makali, peke yake, weka na siku za kawaida, kwa sababu hata siku ya kawaida ina kazi, na wao wanatafuta kujua hali ilivyo kwa jumla, siyo wiki moja mbaya.

Usiku uutenge ukurasa wake. Kumsaidia usiku kwa kama dakika 20 au zaidi, au kuamkia zaidi ya mara moja, ndiyo hoja ya usiku, na ionekane ni desturi ya nyumba yenu, siyo tukio. Hoja ikisimama, usiku peke yake unatosha kiwango cha kati. Mchana na usiku pamoja ndiyo kiwango cha juu. Kwa 2025/26 cha chini kilikuwa pauni 29.20 kwa wiki, cha kati 73.90, cha juu 110.40. Kuanzia cha kati ndipo mlezi anaweza kuomba Carer's Allowance, posho ya mlezi, kama analea saa 35 kwa wiki na mshahara wake haujavuka kikomo, ambacho mwaka huo kilikuwa pauni 196 kwa wiki. Ndiyo maana hatua hiyo moja ina maana kubwa nyumbani.

Barua ya daktari ni nzuri, lakini mara nyingi inasema jina la ugonjwa na dawa tu. Daktari hakai nanyi usiku. Omba na chekechea waandike wanachokiona: anachoka saa ngapi, nani anamkumbusha maji, nini kinafanyika siku ya baridi watoto wakitoka nje.

Kutoka: Mzee Coventry

Mama Mkubwa umenena. Mimi nasoma haya nafikiria wenzetu nyumbani. Kenya tuna mpango wa serikali wa Inua Jamii, mwenye ulemavu mkubwa anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Bima ya afya ya taifa, NHIF, ikaondoka, SHA ikaingia Oktoba 2024, na dada yangu kule Kisumu bado anauliza kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi. Mtoto wa sikoseli akizaliwa Nyanza leo, mama yake ataandika MR kwa nani? Tunapiga kura, tunarudi palepale.

Kutoka: Baba Reading

Mzee, na Tanzania vilevile. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023. Nchi yetu ni miongoni mwa zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Kila uchaguzi ahadi zinakuja na gari la matangazo. Lakini nikisema ukweli, kule mtoto ana bibi, ana shangazi. Akilia usiku anapokewa na mikono mitatu. Huku mke wangu akiamka, nimeamka mimi, basi. Hakuna wa tatu. Hilo hakuna fomu itakayolilipa.

Kutoka: Mama Glasgow

Kweli kabisa. Mama yangu alikuja kwa viza ya matembezi, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu nijifungue. Siku anaondoka nililia uwanja wa ndege kama mtoto.

Kutoka: Kaka wa Slough

Tunataka kumpeleka wa kwetu Desemba akamwone bibi yake Tanga. DLA itasimama?

Kutoka: Dada Leeds

Safari ya muda, malipo yanaendelea mpaka wiki 13. Ikiwa ni kwa matibabu ya ugonjwa wenyewe, mpaka wiki 26. Waarifu kabla. Na muone daktari wake kuhusu kinga ya malaria mapema, maana watu hudhani mwenye sikoseli ana kinga. Mwenye AS, aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ndiye mwenye nafuu. Kwa SS malaria ni hatari kubwa.

Kutoka: Msimamizi

Mambo ya uchaguzi tuyapeleke kwingine tafadhali. Mama Wawili bado anasubiri.

Kutoka: Mama Wawili, Northampton

Ahsanteni wote, Mama Mkubwa nakushukuru mno. Nimerudi kwenye nakala ya fomu yangu na nimeona sehemu ya usiku nimeijaza vizuri, ina saa na dakika, kwa hiyo hawakuisoma au waliisoma wakaipita. Hilo nitalisema kwa maneno hayohayo. Nimeshapiga simu, ombi limepokelewa, jina la aliyepokea ninalo.

Ila swali langu la pili? Mume wangu anasema tushike tulichopewa. Na la tatu, nikikaa macho kumwangalia tu?

Kutoka: Dada Leeds

La tatu: sheria inataja pia mtu kulazimika kuwa macho kwa muda mrefu, au mara kwa mara, ili kumlinda mtoto asipate hatari kubwa. Kwa hiyo kukaa macho kunaweza kuhesabiwa hata kama amelala, lakini lazima ueleze hatari ni ipi: homa, bandama, kupumua. Mwombe nesi wa sikoseli athibitishe kwamba ndiye aliyekuagiza kuangalia hivyo.

La pili: wanayo mamlaka ya kuangalia uamuzi wote, kupandisha, kuacha au kushusha. Ndiyo maana nasisitiza ushahidi.

Kutoka: Kaka wa Slough

Sijawahi kuona mtu akishushwa.

Kutoka: Dada Leeds

Mimi nimeona. Nimejitolea CAB, ofisi ya ushauri wa bure, kwa muda, nimekaa na familia iliyoshushwa. Si wengi, lakini wapo. Sitamwambia mama wa mtoto mgonjwa kwamba haitokei.

Kutoka: Kaka wa Slough

Basi unamtisha dada, atarudi nyuma. Akifika kwa jaji kuna daktari mezani na mtu mwenye uzoefu wa ulemavu, si wale waliosoma fomu mara ya kwanza. Wanakuuliza wewe mwenyewe, na mkalimani wa Kiswahili ni bure ukiomba mapema. Sisi walituuliza usiku wetu ukoje, mke wangu akaeleza, wakawa wanaandika. Mara ya kwanza mtu wa serikali kutusikiliza. Dada, endelea.

Kutoka: Mama Mkubwa, Leicester

Mwanangu, mumeo hajakosea kuogopa. Kaeni nyote wawili, msome fomu pamoja, naye aandike usiku anaoamka yeye. Nitumie rasimu nje ya kundi, nitaipitia Jumamosi. Tafuta pia mwongozo wa DLA wa shirika la hisani la Cerebra, ni bure mtandaoni.

Kutoka: Mama Luton

Samahani kuingilia. Wa kwangu anakaribia miaka 16, imekuja barua ya kuhamia PIP, posho ya ulemavu ya kuanzia miaka 16. Fomu ni ileile au nyingine? Na nani atasaini, mimi au yeye?